Watu wa mstari kuvuka kabla ya pasi: kwa nini leo kitambaa kinatupwa na kesho hakitupwi

RefaWaIjumaa (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila Jumapili usiku, mechi za futiboli ya Kimarekani zikiisha, lazima atokee mtu humu na hasira zake: timu yangu imefunga, kwotabeki (mrushaji wa pasi) karusha vizuri, mpokeaji kadaka vizuri, hakuna aliyevutwa jezi, hakuna aliyesukumwa, halafu refa anatupa kitambaa, ishara ya kosa, anaweka mkono juu ya kofia yake na mpira unarudishwa nyuma. Kosa liko wapi? Anajibiwa kwa mkato "mtu wa mstari kavuka", na anabaki palepale alipokuwa. Nimeona nifungue uzi wake. Nachezesha mechi za sekondari hapa Texas, kwa hiyo nitaongea kama mtu wa uwanjani, si mchambuzi wa runinga.

Tuanze na nani anaguswa. Timu inayoshambulia ina watu 11. Kabla mpira haujaanzishwa, wengine wanajipanga kwenye mstari wa kuanzia na wengine nyuma yake. Kwenye NFL, ligi ya kulipwa, walio mstarini lazima wasipungue saba. Wanaoruhusiwa kupokea pasi ni wawili walioko kwenye ncha za mstari, mmoja kila upande, pamoja na wale waliosimama nyuma ya mstari. Watano wa katikati, yale majitu ya zaidi ya kilo 130, hawaruhusiwi. Ndiyo maana huvaa namba za 50 hadi 79, ili refa na wapinzani wawatambue bila kuulizana.

Mpira ukikimbizwa, hao watano wanakwenda mbele kadiri wapendavyo. Ndiyo kazi wanayolipwa: kumsafishia mkimbiaji njia. Kinachokatazwa ni hiki: mkupuo (mchezo mmoja, tangu mpira uanzishwe hadi usimame) ukiishia kwenye pasi ya mbele, wasiwe wamevuka umbali fulani kabla mpira haujatoka mkononi mwa mrushaji. Umbali wenyewe ni yadi 1 kwa NFL, yadi 2 kwa sekondari za majimbo mengi, yadi 3 kwa vyuo. Adhabu ni kurudishwa yadi 5 na mkupuo unarudiwa. Yadi moja ni kama sentimita 91 kwa walio nyumbani.

Kosa hapo linahitaji mambo mawili yakutane, na watu wengi wanaona moja tu. Mtu wa mstari akitimua mbio yadi 10 na kwotabeki akaamua kukimbia na mpira mwenyewe, hakuna kosa. Akitimua yadi zilezile 10 baada ya mpira kutoka mkononi, hakuna kosa. Kwa hiyo refa hatupi kitambaa pale anapomwona jamaa amevuka. Anamwona, anaikariri namba yake, anasubiri. Pasi ikija ndipo kitambaa kinatoka, na kwenye runinga kinaonekana kimechelewa, watu wanaanza kusema refa kahongwa.

Sheria hii ipo kwa ajili ya lainibeka. Huyu ni mlinzi, anasimama yadi chache nyuma ya mabeki wenzake wa mbele na kazi yake ya kwanza ni kuwasoma wale watano. Wakimjia, anajua mpira unakimbizwa, anashuka kuuzima. Wakirudi nyuma kumlinda kwotabeki, anajua ni pasi, anarudi kukaba. Sasa kama wangeruhusiwa kumjia hata kwenye pasi, angebaki anabahatisha kila mkupuo. Sheria inasema: mnaruhusiwa kumdanganya kwa mpira, kwa macho, kwa mikono ya kwotabeki, lakini miili ya wale watano isimdanganye kupita kiasi.

Na hapo ndipo RPO (run-pass option, yaani kukimbiza au kurusha) ilipoingia kuvuruga kila kitu. Huu ni mkupuo ambao watu wa mstari wanaambiwa "huu ni wa kukimbiza, nendeni", na kweli wanakwenda. Kwotabeki peke yake ndiye mwenye uamuzi. Anamwangalia lainibeka mmoja: akishuka, mpira unarushwa nyuma ya mgongo wake, akibaki, mpira anapewa mkimbiaji. Watu wa mstari hawajui kilichoamuliwa. Wamempa kwotabeki mgongo. Kwa hiyo tunapomtaja namba 74 kwenye kipaza sauti kwamba kavuka, binafsi naona kosa ni la kocha aliyechora mkupuo ambao mpira unachelewa kutoka. Namba 74 kafanya alichoagizwa.

Karibuni.

---

Kinyerezi79

Mkuu umeeleza vizuri, lakini hujanijibu la kwangu. Kwa nini mkupuo uleule, timu ileile, robo ya kwanza hawatupi kitambaa na robo ya nne wanatupa? Hapo mimi nasema kuna mkono wa mtu.

---

RefaWaIjumaa

Kinyerezi79, njoo nikusimamishe nilipo mimi uone.

Chukua refa wa pembeni, anayesimama kwenye chaki ya nje sambamba na mstari wa kuanzia. Yeye anautazama mstari kwa ubavu, kwa hiyo kina anakiona: anajua nani yuko yadi mbili na nani yuko nne, na uwanja umechorwa vialama vya kila yadi vya kumsaidia. Lakini kwotabeki yuko nyuma, pembeni ya macho yake, na mpokeaji aliye karibu naye anakimbia mbele, na huyo naye anatakiwa atazamwe asishikwe. Mpira ukitoka mkononi, yeye anaujua kwa jicho la pembeni.

Sasa chukua ampaya, refa mwingine wa katikati. Kwenye vyuo anasimama upande wa ulinzi, nyuma ya malainibeka, anawatazama watu wa mstari uso kwa uso, na kwotabeki yuko mbele ya macho yake. Anaona mpira unatoka lini. Ila kina hakioni. Mtu anayekujia moja kwa moja, kujua kama kavuka yadi mbili na nusu au tatu na nusu ni kazi ngumu sana, tena akiwa amesukumana na mwingine mbele yake.

Yaani mmoja anajua wapi, mwingine anajua lini, na kosa linataka vyote viwili kwa wakati mmoja. Hakuna filimbi wala ishara ya kuwaunganisha. Ndiyo maana wengi wetu tunafanya kazi kwa kanuni ya kutotupa kitambaa kwa mashaka. Nusu yadi naiacha. Yadi nzima kupita kiwango, na hakuna mpinzani anayesukumana naye, natupa.

NFL ni mbaya zaidi kwa hili. Mwaka 2010 walimtoa ampaya katikati ya malainibeka wakampeleka nyuma ya washambuliaji, upande wa pili wa refa mkuu, kwa sababu alikuwa akigongwa na kuumia. Uamuzi wa haki kabisa kwa afya yake. Lakini kutoka huko anaona migongo tu, na mzigo wa kuwapima waliovuka ukabaki kwa wale wawili wa pembeni.

---

Kinyerezi79

Haya, hapo kidogo umenituliza. Kidogo.

---

MamaWaNamba87

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Mimi niko Ohio, mwanangu anacheza timu ya sekondari. Kaka RefaWaIjumaa, umesema sekondari ni yadi 2. Wewe unachezesha sekondari. Mbona kwenye ule uzi mwingine wa Texas ulimwambia mtu yadi 3?

---

RefaWaIjumaa

Dada, uko sahihi kuuliza, na hili linawachanganya hata makocha wanaohama jimbo. Sekondari karibu Marekani nzima zinatumia kitabu cha shirikisho la sekondari, NFHS, na humo ni yadi 2. Texas inatumia kitabu cha vyuo, cha NCAA, na marekebisho machache. Kwa hiyo mtoto wa sekondari hapa anapewa yadi 3, akivuka mpaka akacheza Oklahoma anapewa 2. Kwako Ohio ni 2.

Kuna kipengele kingine ambacho vitabu hivyo viwili vinakubaliana, NFL inakataa: kwa NCAA na NFHS, kosa hili lipo tu kama pasi imevuka mstari wa kuanzia. Pasi fupi ya pembeni inayodakiwa nyuma ya mstari, watu wa mstari wanaweza kuwa wameshafika mbali wanasafisha njia, na hakuna wa kuwauliza. NFL haijali pasi imeangukia wapi. Ilimradi ni pasi halali ya mbele, yadi 1 ni yadi 1. Ukimwona mtu kazoea mechi za Jumamosi (vyuo) anapiga kelele Jumapili (NFL), mara nyingi ni hapo.

---

Mtoto wa Likoni

Wadau, mimi nilicheza raga Mombasa na futiboli hii niliingia kwa kumfuata Daniel Adongo alipotoka kwenye raga akaenda Indianapolis Colts mwaka 2013. Kwa raga ukiwa mbele ya mpira wewe si mchezaji, basi, hakuna mjadala. Hawa Wamarekani wanaona ugumu gani kusema mtu wa mstari asivuke hata inchi mpaka pasi itoke? Futa hizo yadi zote. Sifuri.

---

RefaWaIjumaa

Bro, jaribu kusimama mbele ya mtu wa kilo 140 anayekujia, halafu uambiwe usimsukume hata inchi moja. Mapambano yanaanza palepale mstarini. Ukimshinda mpinzani wako nguvu, anarudi nyuma na wewe unamfuata. Ukiweka sifuri, kila pasi ni kosa.

Ndiyo maana hata hiyo yadi 1 ya NFL ina mlango. Mtu wa mstari aliyegusana na mpinzani ndani ya hiyo yadi moja, kwenye msukumo wake wa kwanza, anaruhusiwa kuendelea kumsukuma hata wakipita. Wakiachana huko mbele, lazima asimame palepale mpaka pasi itoke. Akiachana naye akaanza kutafuta mwingine wa kumgonga, kitambaa. Vyuo ni wakali zaidi kwenye hili, kugusana huko hakutakiwi kuendelea kupita zile yadi 3. Na vyuo wana neno moja baya kwa mchezaji: asiwe, *wala asiwe amekuwa*, mbele ya yadi 3. Ukivuka ukakumbuka ukarudi mbio kabla ya pasi, umeshavuka.

---

Beki Asiyechoka

Mkuu naheshimu kazi yako lakini nyinyi marefa mmewaua walinzi. Nimecheza lainibeka chuo kidogo, sitakitaja. Yadi 3 ni umbali wangu wote! Nasimama yadi nne au tano. Jamaa akifika yadi tatu yuko puani kwangu. Nikimwona puani nafanya nini, namuuliza "samahani, huu ni mkupuo wa pasi au wa kukimbiza?" Nashuka. Mpira unapita juu ya kichwa changu, na kocha ananifokea mimi. Kisha unaniambia nusu yadi unaiacha. Yaani ni tatu na nusu. Tuiite kwa jina lake: vyuo vimeamua vinataka magoli mengi.

---

RefaWaIjumaa

Hapa sibishani na wewe kuhusu maumivu. Nabishana kuhusu dawa.

Mwaka 2015 kamati ya sheria ya NCAA ilipendekeza kilekile unachotaka, kushusha kutoka 3 hadi 1. Makocha wa washambuliaji walipiga kelele, na pendekezo likawekwa kando. Wengi walilia. Mimi sikulia, kwa sababu tatizo la kupima nimelieleza hapo juu. Kama leo refa hawezi kuona tofauti ya yadi tatu na nne na nusu, kesho ataonaje tofauti ya moja na mbili na nusu? Jicho lilelile, pembe ileile. Utashusha namba kwenye karatasi na kila mtu atacheza kwenye 2 na nusu.

Ningependa zaidi hizi yadi tatu zisimamiwe kweli. Mpe mtu mmoja kazi hiyo peke yake kwenye kila mkupuo unaonuka RPO, asitazame kingine. Vyuo vikubwa vina marefa wanane uwanjani, watu wapo.

---

Beki Asiyechoka

Watu wapo, na hakuna aliyeona 2013.

---

Kinyerezi79

2013 nini tena? Msiongee kwa mafumbo.

---

Beki Asiyechoka

Mechi ya vyuo, Auburn na Alabama, tarehe 30 Novemba 2013. Kila mtu anakumbuka mwisho wake: Alabama wanapiga teke refu la goli, linapungua, Chris Davis anadaka mwisho kabisa wa uwanja na kukimbia nao hadi upande wa pili, Auburn 34, Alabama 28. Lakini kabla ya hapo, zimebaki sekunde 32, Alabama wanaongoza 28 kwa 21. Nick Marshall wa Auburn anakimbia kuelekea pembeni kama anabeba mpira mwenyewe, watu wa mstari wanasafisha mbele, beki wa Alabama anamwacha mpokeaji Sammie Coates anashuka kumzima Marshall. Marshall akiwa karibu kabisa na mstari anarusha. Coates yuko peke yake. Yadi 39, tachidauni (mpira umefika eneo la mwisho), na pointi ya ziada inaleta 28 kwa 28. Itafuteni picha yake muitulize pale mpira unapotoka mkononi, muwahesabu walioko mbele.

---

RefaWaIjumaa

Nimeshaitazama zaidi ya inavyofaa kwa afya. Ni mfano bora kuliko wote kwa uzi huu, kwa sababu vyote vimo. Kwotabeki anakaribia mstari kwa hiyo macho ya refa wa pembeni yanakwenda kwake: je, kavuka mstari kabla ya kurusha? Hilo nalo ni kosa jingine. Ukitazama miguu ya kwotabeki, umeacha kuwatazama watu wa mstari. Sitasema walikosea au la, kwa sababu picha inayotulizwa haikuwepo machoni mwao. Ila ukiniuliza mkupuo gani uliwafundisha makocha wa Marekani nguvu ya zile yadi tatu, jibu ni huo.

---

Mtoto wa Likoni

Nimeiona sasa hivi. Aisee. Yule beki maskini.

Swali lingine. Nilisikia siku moja refa anatangaza "namba 70 amejiandikisha kupokea". Si umesema 50 hadi 79 hawaruhusiwi?

---

RefaWaIjumaa

NFL mchezaji mwenye namba hizo anaruhusiwa kupokea kama amejipanga sehemu ya mtu anayeruhusiwa, na kabla ya mkupuo amemwendea refa akajitaja. Refa anawaambia walinzi na anatangaza. Mtu huyo kwa mkupuo huo si wa wale watano, anakwenda mbele atakavyo.

Na hapo ndipo Detroit Lions walipolia. Tarehe 30 Desemba 2023, hapa kwetu Arlington, walikuwa nyuma ya Dallas Cowboys 20 kwa 19, wamefunga tachidauni, wakaamua kutafuta pointi mbili za nyongeza ili washinde. Taylor Decker, namba 68, mtu wa mstari kabisa, akadaka. Lions wanasema Decker alijitaja. Refa Brad Allen alikuwa ametangaza namba 70, Dan Skipper. Kitambaa, pointi zikafutwa, mechi ikaisha 20 kwa 19. Siyo kosa la kuvuka, ni la mtu asiyeruhusiwa kugusa pasi, lakini mzizi ni mmoja: refa lazima ajue ni nani wale watano *kabla* mpira haujaanzishwa. Ukiwakosea hao, kila unachopima baadaye ni bure.

---

Kinyerezi79

Mimi ni shabiki wa Patriots, najua kinyume chake. Januari 2015 dhidi ya Ravens! Shane Vereen, mkimbiaji, namba 34, anajitaja kwamba *haruhusiwi*. Anakwenda kusimama pembeni kama mpokeaji. Ravens wanamkaba mtu ambaye hata kudaka hawezi, huku Michael Hoomanawanui aliyesimama mahali pa mtu wa mstari anapokea pasi bila bughudha. John Harbaugh, kocha wa Ravens wakati huo, akaingia uwanjani kulalamika akapigwa kitambaa yeye. Tukashinda 35 kwa 31. Raha tupu.

---

RefaWaIjumaa

Raha kwako. Miezi miwili baadaye NFL wakabadilisha: mwenye namba ya kupokea akijitaja kwamba haruhusiwi, sharti asimame pamoja na watu wa mstari, si kule pembeni alikosimama Vereen.

Sekondari walikuwa na kisa kikubwa kuliko hicho. Piedmont, California, mwaka 2007, makocha wa shule walikuta mwanya: kwenye mpangilio wa kupiga teke, namba 50 hadi 79 hazikuwa za lazima. Wakapanga kila mkupuo kana kwamba watapiga teke, wachezaji wote 11 na namba za wapokeaji. Ukiwa ampaya, una sekunde chache kujua watano wasioruhusiwa ni nani, na namba hazikusaidii. Mapema 2009 shirikisho liliuziba mwanya huo. Binafsi niliwavulia kofia kwa ubunifu, na nashukuru Mungu sikuwahi kuchezesha mechi yao.

---

Beki Asiyechoka

Kwenye kupiga teke lenyewe je? Maana chuo tulikuwa tunakimbia wote mpira ukianzishwa.

---

RefaWaIjumaa

Vyuo wote wanaruhusiwa. NFL ni wale wawili wa ncha tu, wengine wanasubiri mguu uguse mpira. Ndiyo maana mipangilio ya teke ya Jumamosi na Jumapili haifanani.

---

MamaWaNamba87

Kaka, naomba nimalizie langu maana mwanangu ananisumbua. Ijumaa iliyopita alipigwa hicho kitambaa. Yeye namba 87, anasimama mwisho wa mstari, mpokeaji halali, kila siku anadaka. Refa akasema haruhusiwi, kavuka. Kocha naye hakumweleza kitu. Inawezekanaje namba 87?

---

RefaWaIjumaa

Dada, amefunikwa. Namba peke yake haitoshi, lazima pia awe kwenye ncha ya mstari au nyuma yake. Bila shaka mpokeaji wa pembeni upande ule alisogea mbele akasimama mstarini badala ya hatua moja nyuma. Hapo hapo yule wa pembeni akawa ndiye ncha, na mwanao akawa mtu wa katikati, sawa na wale majitu. Akikimbia njia yake ya kawaida na pasi ikarushwa kuvuka mstari, kavuka. Kosa limeandikwa kwa 87 lakini aliyelifanya ni mwenzake.

Mwambie kabla ya kila mkupuo amtazame refa wa upande wake. Refa akinyoosha mkono kuelekea nyuma ya washambuliaji, maana yake mpokeaji wa nje yuko nyuma ya mstari na mwanao yuko salama. Mkono usiponyooshwa, amwite mwenzake arudi hatua moja. Na yule mwenzake, akijipanga, amwonyeshe refa kidole kuuliza yuko wapi. Sisi kwa mkono tunajibu, hilo si siri.

---

MamaWaNamba87

Asante sana kaka. Mwenzake mwenyewe ni mtoto wa jirani yangu, nampigia mama yake sasa hivi.